MEZA YA KARANI: Je, Maji Yaweza Kuwaka?

Majuma mawili yamepita hamkuiona Meza ya Karani katika gazeti letu, na wengine mmenisimamisha njiani mkaniuliza kama nimeugua. Sikuugua. Nilikuwa hospitalini nikimwuguza mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, aliyekatwa usoni na vipande vya chupa. Sasa yuko nyumbani. Jicho limepona, lakini kovu lililo juu ya nyusi atakaa nalo maisha yake yote. Amenipa ruhusa kuandika habari yake, ila jina lake nisilitaje. Basi leo nitaandika juu ya maji na moto, maana jambo lenyewe limekwisha kuingia vijijini kwetu, kutoka Masasi hata Newala, na katika kosa lililotokea fungu langu mimi limo.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, vijana kadha wa parokia walikuwa wamekaa nyuma ya ofisi yangu hapa Lukuledi, kivulini pa mwembe. Mmoja akaniuliza kama ni kweli ndani ya maji mna hewa iwakayo kama petroli. Alikuwa ameona katika simu. Nami, kama mjuavyo, nilisomea ualimu. Lakini siku hizi kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na risiti za zaka, na mtu akiniuliza swali la darasani nafurahi kupita kiasi. Nikaleta betri ya taa ya sola, glasi ya maji, magadi kidogo, na vile vijiti vyeusi viwili nilivyovitoa katika mawe makuukuu ya tochi, kama mwalimu wetu alivyotuonyesha chuoni. Mapovu yakaanza kupanda. Nikayakinga katika kichupa cha dawa nilichokijaza maji na kukipindua juu ya kijiti cha upande wa hasi. Hewa ilipokijaza nikakitoa, nikakikaribishia njiti ya kiberiti. Pu! Vijana wakapiga kelele za furaha. Nami kwa kujivuna nikasema, “Mmeona? Maji yanawaka.”

Neno hilo halikuwa kweli, na mtu aliyesomea ualimu hakupaswa kulisema. Maji hayakuwaka, wala hayawaki. Kilichowaka ni hewa iitwayo haidrojeni, ambayo umeme wa betri uliitenga na mwenzake, oksijeni. Katika maji hewa hizi mbili zimeshikamana, na ukizitenga wapata vipimo viwili vya haidrojeni kwa kipimo kimoja cha oksijeni. Ukiiwasha haidrojeni, yarudi kuungana na oksijeni, na kinachopatikana tena ni maji. Ukitaka kuyaelewa maji, yafikiri kuwa ni jivu: moto wake ulikwisha kuwaka zamani. Hakuna mama anayeinjika chungu cha ugali juu ya jivu. Na kama kungekuwa na mtu awezaye kuligeuza jivu liwe kuni tena, ingempasa kulirudishia joto lote lile lililotoka kuni zilipoungua, wala lisipungue hata kidogo.

Wala jambo hili si geni. Mwingereza Cavendish aliieleza hewa hiyo iwakayo katika mwaka 1766, na Mfaransa Lavoisier akaipa jina ambalo maana yake ni mzaa maji. Mwaka 1800, Volta wa Italia alipotangaza betri yake ya kwanza, hazikupita wiki nyingi Nicholson na Carlisle huko London wakatumbukiza nyaya mbili majini wakayaona yale mapovu. Kwa hiyo mtu akikuambia leo kwamba amevumbua siri ya kupasua maji, mwulize alikuwa wapi miaka mia mbili na zaidi.

Mpwa wangu ni mwendesha pikipiki. Siku ile ya Juni alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, nami sikumwona vizuri. Kumbe alilichukua neno langu kama lilivyo. Mwaka huu akakutana mjini na mtu auzaye kile akiitacho mtambo wa maji: kopo la plastiki lenye vibati vya chuma ndani, nyaya mbili za kufunga kwenye betri, na mpira mwembamba wa kuingiza hewa katika injini. Mwuzaji akamwambia petroli itapungua kwa nusu, tena mtambo ule ule waweza kufungwa kwenye mashine ya kupulizia salfa mikorosho. Kijana akauliza kama kweli maji yawaka. Halafu akajijibu mwenyewe, “Mjomba alituonyesha.” Akatoa shilingi 180,000.

Fedha hizo hazikuwa zake. Zilikuwa za mama yake, mabaki ya malipo ya korosho, ambazo alikuwa amemwekea mwanawe anunue petroli na salfa ya msimu. Wakulima hamhitaji kuelezwa: mkorosho usiopuliziwa kwa wakati wake, ubwiri unga hushika maua, na mwezi wa Oktoba unaokota majani.

Mtambo ule ulipofungwa, pikipiki ilikunywa petroli kama kawaida yake. Mwuzaji alipoulizwa akasema kosa ni la mnunuzi, mapovu yake ni machache, na aongeze chumvi. Kijana akaenda akatengeneza mtambo wake mwenyewe, mkubwa zaidi, katika chupa nene ya kioo. Akatia chumvi kwa kiganja, akatumbukiza vijiko viwili vya chuma, akakaza kifuniko ili hewa isipotee hata chembe. Waya mmoja ulikuwa umelegea mle ndani chini ya kifuniko. Alipouinamia aone mapovu, akautikisa, cheche ikaruka. Dada yangu alikuwa uani akipepeta mchele. Asema ulikuwa mlio kama wa bunduki.

Kwa sisi watu wa bonde hili, Wamwera kwa Wamakua, Wayao kwa Wamakonde, wazee walituachia kwamba mtoto ni wa mjomba. Likimpata neno, huulizwa mjomba. Dada hakunipigia kelele. Alikuja hospitalini, akakaa kwenye mkeka chini ya kitanda, akakaa kimya kitambo, ndipo akauliza, “Kaka, ulimwambia nini mtoto?” Nikamweleza. Akasema, “Kumbe na wewe hukujua.” Lakini mimi nilijua, na ndilo lililoniuma zaidi.

Jicho lilipokuwa bado limefungwa, mimi na mpwa wangu tulianza kupiga hesabu nyuma ya karatasi za dawa. Mimi ni karani, na karani hana silaha ila kuandika kilichoingia na kilichotoka. Tukasema hivi: betri ya volti 12 itoe ampea 10 kwa muda wa saa nzima. Chombo chenye vibati viwili tu kitakupa lita nne na nusu hivi za haidrojeni. Kijana akafurahi, “Lita nne, mjomba!” Nikamwambia hizo ni lita za hewa. Uzito wake haufiki nusu ya gramu moja, na joto lake lote ni sawa na petroli isiyojaa hata theluthi ya kijiko cha chai. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa lita moja itakwenda nayo mita 70, yaani kutoka mlango wa kanisa letu hata kwenye njia ya gari. Fundi hodari akivipanga vibati vizuri, vyumba sita vikifuatana, atapata mara sita ya hapo: kijiko kimoja na nusu, na mwendo wa mita 400. Kwa saa nzima ya kuikamua betri!

Akanyamaza. Kisha akauliza swali zuri kuliko nililoulizwa pale mwembeni. “Lakini betri inajazwa na injini yenyewe, mjomba. Si ni bure?”

Hapo ndipo penye shina la udanganyifu wote. Injini huijaza betri kwa nguvu iliyotoka katika petroli. Petroli ikiungua, robo hivi tu ya joto lake ndiyo igeukayo kuwa mwendo. Nyingine yapotea kwa moshi na kwa ule moto unaokuunguza mguu ukiugusa mfereji. Katika hiyo robo, mashine ya kuzalisha umeme huchukua chake. Chupa ya maji nayo huchukua chake, ndiyo maana maji yake hupata moto. Halafu hewa kidogo iliyobaki yarudi katika injini ile ile, nayo yapoteza tena robo tatu. Mkulima wa Masasi ameijua biashara hii tangu zamani: ni korosho inayopita kwa walanguzi wanne kabla ya kufika ghalani, nawe wategemea bei ikue njiani. Mpwa wangu akacheka, ingawa kucheka kulimwuma usoni.

Nataka nikae kidogo juu ya jambo jingine ambalo hesabu ilituonyesha, maana lilinishangaza hata mimi. Kupasua lita moja ya maji, hata kama chombo hakipotezi chochote, kwataka umeme wa yuniti 4 na kitu. Sasa wafikirini ndugu zetu wa Newala na uwanda wote wa Makonde. Juu kule ardhi ni ya mchanga, mvua hunyesha ikazama, mito hakuna. Bibi zetu walikuwa wakishuka genge alfajiri na mitungi, wakapanda nayo jua likiwa kali, na mgeni akipewa maji ya kunawa alijua ameheshimiwa. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 kukawa na mradi wa maji wa Makonde, wa kuyavuta maji kwa pampu kutoka visima vya bondeni, kama vile vya Mitema, kuyapandisha uwandani. Basi tuseme kimo cha kuyapandisha ni mita 400. Umeme ule ule wa kupasua lita moja tu, ukiupa pampu, hata pampu hiyo ikipoteza nusu nzima ya nguvu, utapandisha lita 2,000. Ndoo mia moja. Mwenye paneli ya sola uwandani anayeichosha kwa kupasua maji, aenda kuwaambia nini akina mama waliopanga foleni bombani?

Najua wengine mtasema, “Karani, sisi tumeona kwa macho yetu katika simu, gari laenda kwa maji.” Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, naye alionyesha gari kama hilo. Mwaka 1996 mambo yakafika mahakamani. Mashahidi wenye ujuzi wakakichunguza chombo chake, wakakuta ni upasuaji wa maji ule ule wa kawaida. Mahakama ikatamka kwamba ni udanganyifu, ikamwamuru awarudishie waliompa fedha dola 25,000. Daniel Dingel wa Ufilipino alisema maneno hayo hayo miaka mingi, mwisho akahukumiwa kifungo mwaka 2008, naye mzee wa miaka 82. Magari ya haidrojeni yapo kweli ulimwenguni, lakini hewa yake imetengenezwa kwingine na kulipiwa, nayo hutiwa katika mtungi kama tutiavyo petroli.

Mzee mmoja aliyekuja kumwangalia mgonjwa alisema, “Mambo ya maji tena! Hamkujifunza mwaka 1905?” Watu wakacheka wodini. Mimi sikucheka. Babu zetu walioipokea dawa ya maji walikuwa wamechapwa viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu, wakataka nchi yao. Sisi twadanganywa kwa ajili ya nusu lita ya petroli.

Wala nisieleweke vibaya, kana kwamba kupasua maji ni kazi ya wapumbavu. Kuna mahali panapofaa sana. Huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilipasua maji kwa umeme tangu miaka ya 1970 hata mwaka 2015, wala si kwa kuendesha gari. Haidrojeni yake iliunganishwa na naitrojeni ya hewani ikawa amonia, na amonia ikawa mbolea ya mahindi. Karibu na Naivasha, Kenya, katika shamba la Morendat la kampuni ya Kenya Nut, mwaka 2023 ulifungwa mtambo wa namna hiyo utumiao umeme wa jua, uliokusudiwa kutoa tani moja hivi ya amonia kwa siku. Shamba lapata mbolea pasipo kungojea meli. Waliojenga mitambo hiyo walijua tangu mwanzo kwamba umeme uingiao ni mwingi kuliko nguvu itokayo. Wakakubali kulipa, kwa kuwa walitaka mbolea. Hata hivyo sehemu kubwa ya haidrojeni ya dunia haitoki katika maji kabisa. Yatoka katika gesi ya ardhini, kama hii yetu iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na ambayo tangu mwaka 2015 ina bomba la kuifikisha Dar es Salaam.

Na kijana mwenye mikono isiyotulia, anayetaka nguvu kutoka majini, amtazame mzee John Fute wa Njombe, wamwitaye Pwagu. Huyo hakuyapasua maji. Aliyaacha yaporomoke, yakazungusha mtambo alioufanya mwenyewe, akawawashia taa majirani zake, hata mwaka 2020 habari zake zikafika Ikulu. Maji yaliyo juu yakishuka yana nguvu ya kutoa, maana jua limekwisha kulipa gharama ya kuyapandisha mawinguni.

Sasa maneno ya hatari, nayo naomba wazazi wayasome hata kama mengine wameyaruka. Ile chumvi aliyoambiwa kijana aongeze ni sumu iliyojificha. Ukipitisha umeme katika maji ya chumvi, upande wa chanya hutoa klorini, hewa ile ile ambayo chembe yake husafisha maji ya kunywa, lakini ikizidi huunguza mapafu. Mwaka 1915 huko Ubelgiji ilitumiwa vitani kuua askari. Mpwa wangu alikohoa siku tatu, tukadhani ni vumbi. Vijiko navyo huliwa, na ule uchafu wa rangi ya kahawia unaobaki chini una madini mabaya. Usiumwage karibu na kisima wala bustani. Wengine hutia kostiki soda ya watengenezaji sabuni. Tone moja la maji yake likiruka jichoni, laweza kulipofua.

Lakini kubwa kuliko yote ni kuziacha hewa mbili zikae pamoja katika chombo kilichofungwa. Hapo huna mafuta, una baruti. Haidrojeni ikichanganyika na hewa ya kawaida, hata sehemu nne tu katika mia, yaweza kushika moto, na cheche ndogo usiyoiona yatosha. Mchana mwali wake ukiwa safi hauonekani vema. Tena jambo hili lawahusu hata wasiojaribu chochote: betri kubwa ya sola yenye maji ya asidi, ikijazwa kupita kiasi, hutoa hewa hiyo hiyo. Nimeingia nyumba nyingi kuandika sensa ya parokia, nikaona betri imewekwa uvunguni mwa kitanda, na juu yake kibatari. Itoeni leo, muiweke mahali penye dirisha, wala msiikague maji yake kwa kiberiti.

Je, vijana waache kujaribu? Mimi sisemi hivyo. Siku ya Jumamosi iliyopita, kijana akiwa na bandeji bado, tulilirudia jaribio lile pale pale chini ya mwembe: magadi badala ya chumvi, glasi wazi, betri ndogo, vichupa viwili, kila hewa na chake, na kila kichupa si kikubwa kuliko kidole gumba. Dada yangu alikuja akasimama mbali, mikono kifuani. Safari hii ni mpwa wangu aliyewaeleza wenzake, na alipofika penye moto akasema, “Maji hayawaki. Kiwakacho ni kile mlichokilipia.” Kisha akawafanyisha hesabu ya kijiko cha chai. Mmoja wao, naye ni mwendesha pikipiki, akaondoka bila kuaga. Baadaye nikasikia alikuwa amekwisha kutoa rubuni kwa mwuzaji yule yule, akaenda kuidai.

Za kwetu hazikurudi. Mwuzaji haonekani tena mjini, na simu yake haipatikani. Nimemwambia dada kwamba deni ni langu, naye hakukataa. Nimekwisha kumpa shilingi 60,000 akanunua salfa na petroli ya mzunguko wa kwanza. Mashine ameazimwa na jirani. Zilizobaki nitazilipa mwezi hata mwezi. Ule mtambo wa plastiki nimeuweka juu ya kabati la ofisi, kando ya vitabu vya ndoa. Atakaye kuuona na aje siku za kazi, kuanzia saa tatu asubuhi hata saa sita. Asije na kiberiti.